Kwa Nini Naitwa Saba

Mpepai, alasiri

Marahaba, mwanangu Subira.

Najua utakapoifungua barua hii utanisalimia kwanza, hata kama niko mbali na sikusikii, maana ndivyo mama yako alivyokulea. Basi nimeitikia mapema. Muda nilionao ni huu ambao umekwenda kumuaga bibi yako ng'ambo ya mto, na namjua mama mkwe wangu, hakuachii uondoke mpaka ule. Nikiiona kanga yako inateremka kile kilima nitaficha karatasi. Kesho nitaipenyeza barua kwenye begi lako, na utakapoiona, lori litakuwa limeshakufikisha ziwani.

Mambo ya sabuni, ya blanketi na ya kutotembea peke yako shangazi yako ameshayasema, tena ameyarudia mara tatu, kwa hiyo mimi sitayagusa. Nina jambo moja. Nilitakiwa kulisema miaka mingi iliyopita, na hata juzi nilipata nafasi nikaitupa.

Juzi ulinionyesha fomu ya chuo cha uuguzi. Ukurasa wa mwisho walikuwa wameandika kwamba kutakuwa na Mafundisho ya Mwanzo ya imani ya Kikristo, mara moja kwa wiki, kwa wanafunzi ambao hawajabatizwa na kwa yeyote anayetaka kuanza upya. Si lazima, wameandika. Chini yake kuna visanduku viwili, Nitashiriki na Sitashiriki, nawe ulikuwa umeshaweka alama ya penseli kwenye Sitashiriki.

"Wino nitaweka nikifika," uliniambia. "Lakini nimeshaamua, Baba. Siwezi kukaa kwenye darasa la watu walioshindwa kumjibu baba yangu."

Nikasema, "Haya, mama," nikatoka nje kugeuza kahawa kwenye chanja. Kahawa yenyewe nilikuwa nimeshaigeuza. Uliniona, ukadhani nimefurahi nataka kuficha machozi. Machozi yalikuwepo, lakini hayakuwa ya furaha.

Subira, hakuna mtu aliyeshindwa kunijibu. Sikuuliza kitu.

Acha nianze mbali kidogo, maana mambo haya nikiyaruka ruka nitayapamba tena, na kuyapamba ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nilipanda huku milimani nikiwa kijana, nimetoka huko huko ziwani unakokwenda wewe kesho, nina mkeka mmoja na kiburi cha watu wa ziwani. Tulijua maji, muhogo na visamaki vya usipa. Kulima mlimani hatukujua. Nikapata kibarua kwenye shamba la babu yako, msimu wa kutengeneza ngolo. Wewe umezaliwa humu, kwako ngolo ni ngolo tu, lakini mimi nilisimama nikashangaa kuona mlima mzima umechimbwa vishimo vishimo kama sega la nyuki. Nikaelezwa kwamba mwanaume ndiye anayefyeka na kulaza majani kwa mistari inayokutana ikafanya miraba, na mwanamke anakuja nyuma yake na jembe, anachota udongo wa katikati anayafukia. Basi nikalaza. Nilijiona fundi. Mara nasikia nyuma yangu msichana anacheka mpaka jembe limemponyoka.

"Kaka wa ziwani," akasema, "hii ni ngolo, au umeanika wavu?"

Miraba yangu yote ilikuwa imepinda. Lakini hakunirudisha nilaze upya. Alianza kufukia pale pale, akinyoosha kwa udongo kile nilichokipinda kwa majani, na maharage yalipoota hakuna aliyejua kwamba mistari ile ililazwa na mgeni. Ndivyo nilivyompata Otilia, mama yako. Kitu cha kwanza nilichokipenda kwake ni kile kicheko. Kilikuwa hakimdharau mtu, kilikuwa kama mtu anayekusogezea kigoda ukae naye. Unakikumbuka, mwanangu? Mimi mpaka leo nikiwa shambani huwa nasimama kidogo nikisikiliza.

Babu yako hakuwa mtu wa maneno mengi. "Binti yangu haolewi bomani," aliniambia. "Ukimtaka, nenda kwa Kasiani."

Mwalimu Kasiani, ambaye wewe unamjua kama mzee wa fimbo na koti la kijani, wakati ule alikuwa katekista kijana mwenye sauti ya kuamsha wafu. Darasa la wakatekumeni lilikuwa nyuma ya kanisa, tukikaa juu ya magogo. Maswali yalikuwa na namba, na majibu nayo yana namba zake. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa na kuulizia njia. Nyumbani kwetu tulisema Kinyasa, hapa wanasema Kimatengo, na mambo ya Mungu yalisemwa kwa Kiswahili. Basi nikafanya kama nilivyofanya shuleni, nikameza. Namba kumi na mbili jibu hili, namba kumi na tatu jibu lile. Nilikuwa nalima huku natamka namba. Kasiani akanisifu mbele ya wenzangu, "Huyu wa ziwani ana kichwa!" Nusu ya nilichokisema sikukielewa, na sikuuliza, kwa sababu anayeuliza huonekana hajui.

Darasani alikuwemo bibi mmoja kutoka Mbuji. Yeye hakumeza hata namba moja. Kila wiki alikuja amesahau vyote. Lakini alikuwa anauliza. Siku moja aliinua mkono, akasema maneno kwa Kimatengo, na Kasiani akatutafsiria sisi wageni: "Mama yangu alikufa kabla mapadre hawajafika huku. Hakumkataa mtu yeyote, hakuambiwa kitu. Sasa yuko wapi?"

Kasiani alikwaruza gogo kwa ukucha. Kisha akasema, "Sijui, mama. Nikisema najua nitakudanganya. Lakini huyu Mungu ninayewafundisha, mimi simwoni akimsahau mama yako."

Bibi akafikiri. "Haya," akasema, "nitaendelea kuja."

Mimi nilikasirika moyoni, kwa sababu "sijui" haikuwa na namba. Lile swali la bibi lishike, mwanangu, tutakutana nalo mbele.

Siku ya mtihani wa mwisho kabla ya ubatizo kanisa lilijaa. Watu walikuja kusikiliza kama wanavyokwenda mpirani. Mama yako alikuwa upande wa wanawake, benchi la tatu, na kanga mpya. Padre alikuwa mzungu mwenye ndevu nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa anauliza kwa kufuata kitabu, kwa hiyo nikahesabu walionitangulia, nikajua kabisa swali langu litakuwa lipi. Litakuwa lile la sakramenti ni ngapi. Jibu lake ni saba. Nikalishika mdomoni kama mtu aliyebugia maji, asifungue mdomo yasimwagike.

Ikafika zamu yangu. Padre akafunga kitabu. Akavua miwani, akaniangalia, akatabasamu, na akauliza, "Na wewe, kijana, unataka nini?"

Nikasema, "Ni saba, Padre."

Yeye akadhani sijasikia. Akarudia polepole, kwa upole hasa, "Nakuuliza wewe mwenyewe. Unataka nini?"

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikapaza sauti, "Saba!"

Hapo upande wa wanawake, benchi la tatu, kikatoka kicheko. Nilikijua kabla sijageuka. Kikafuatiwa na kanisa zima, wazee kwa watoto, hata ndevu za Padre zikatikisika. Mama yako alicheka vile vile alivyocheka shambani, kwa kunipenda, kwa kuona miraba yangu imepinda tena. Angekuja kunifukia pale pale kama ningesimama dakika moja tu. Lakini nilitoka. Nilipita katikati ya mabenchi, nikapita mlango, nikashuka kilima, na nyuma yangu naamini Padre alikuwa anaita.

Njiani kilikuwepo kilabu cha pombe. Wanaume wakaniona nimevaa shati jeupe. "Vipi," wakaniuliza, "umeshakuwa Yosefu?"

"Sikubatizwa," nikasema. "Nimemwuliza Padre swali, likamshinda."

"Swali gani?"

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni swali la bibi wa Mbuji, neno kwa neno, isipokuwa mama nilimgeuza babu. Babu yangu alikufa kabla ninyi hamjafika, yuko wapi? Wakapiga makofi juu ya meza. Mmoja alinisogezea kikombe chake mwenyewe. Tangu siku ile waliokuwa kanisani wananiita Saba, na wa kilabuni wananiita mtu wa swali. Kwa kuwa waliokuwa kanisani walikuwa watu wa huruma kuliko nilivyowadhania, hawakuja kunisuta mbele ya wengine. Jina likabaki, sababu yake ikafifia.

Bibi wa Mbuji alibatizwa, akaitwa Monika. Swali lake hakulipatia jibu lingine, na alikwenda kanisani mpaka alipokufa.

Mama yako alikuja kuniomba radhi. Nikamfanya aombe siku nyingi, halafu nikaipokea kwa masharti: tukafungie ndoa bomani, na habari hiyo isitajwe tena ndani ya nyumba. Akakubali. Nilikuwa kijana, nilidhani hapo nimeshinda. Babu yako hakutia mguu kwetu mpaka ulipozaliwa wewe. Na ulipozaliwa nikatangaza kwamba mtoto huyu hatabatizwa, atachagua mwenyewe akikua. Watu wakaona nina busara. Wewe pia umeniambia mara nyingi kwamba unanishukuru kwa hilo, na kila ulipolisema nilitamani ardhi inimeze. Haikuwa busara. Niliogopa kusimama mbele ya Padre nimekubeba, aniulize tena ninataka nini.

Sasa nakuja pale panaponiuma.

Unajua kwamba aliyefunga ndoa bomani, kanisani hapokei komunyo. Mimi nililijua kama mtu anavyojua sheria ya barabarani. Siku moja mvua ilinyesha, nikachukua mwavuli nikamfuate mama yako. Misa haikuwa imekwisha. Nikasimama kwenye dirisha la pembeni. Watu walikuwa wananyanyuka benchi kwa benchi kwenda kupokea, na ilipofika zamu ya benchi lake, Otilia alisogeza magoti pembeni ili wenzake wapite. Hivyo tu. Wakapita, yeye akabaki peke yake kwenye benchi refu, mikono mapajani, anaangalia mbele. Waliporudi akasogeza magoti tena. Hakulia, wala hakuinamisha kichwa. Ilionekana ameshazoea kupima ni kiasi gani cha kusogeza.

Niliuegemeza mwavuli ukutani nikarudi nyumbani na mvua yangu. Ningeweza kwenda kwa Padre wiki ile ile. Kasiani alishanijia nyumbani mara kadhaa kuniambia kwamba hakuna mtihani tena, kwamba hata nisipobatizwa ipo njia ya kubariki ndoa ili mwenzangu apokee, kinachotakiwa ni mimi kwenda kusema nakubali. Nilikuwa namjibu, "Mwambie Padre ajibu swali langu kwanza." Mara ya mwisho Kasiani alimaliza togwa yake taratibu, akafuta mdomo.

"Saba," akasema, "lile swali namjua mwenyewe."

Akachukua fimbo yake akaondoka. Hajamwambia mtu. Na mimi nikabaki na ukaidi wangu, mwaka ukaongeza mwaka, Otilia akawa anasogeza magoti kila Jumapili kwa ajili ya neno moja nililolisema nikiwa nimetoka jasho.

Ulikuwa darasa la nne ulipokuja mbio kutoka shule. Mwalimu wa dini alikuwa amewaambia ambao hawajabatizwa wasimame, ukasimama peke yako, ukawaambia darasa zima kwamba baba yako alimwuliza Padre swali likamshinda. Sijui ulilisikia wapi, huenda kilabuni kulikuwa na watoto wanaosubiri baba zao. Ulikuwa unahema, macho yanang'aa. Mama yako alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Niliona mikono yake imesimama. Alinipa nafasi, Subira. Alisubiri niseme. Mimi nikacheka, nikakuita ukae karibu yangu, na jioni nikakuongezea nyama kutoka kwenye sahani yangu.

Mikono ikaendelea kuchambua. Mama yako alifukia uongo wangu kama alivyofukia majani yangu yaliyopinda, bila neno. Lakini majani yakifukiwa huoza yakawa mbolea, na ule uongo haukuoza.

Hata hili la jina. Ulikuwa mdogo ukauliza kwa nini naitwa Saba, nikakwambia nilizaliwa siku ya Saba Saba kabla haijawa Saba Saba. Ukaamini. Ukaifanya sikukuu yangu. Kila Julai unaniletea kitu, mara ndizi, mara leso uliyoitarizi mwenyewe. Serikali yenyewe imeshaichukua sikukuu ya wakulima ikaipeleka Nane Nane, lakini wewe hukunihamisha. Wiki hii umenitafutia koti kwenye mitumba ya Mbinga, zito, lenye vifungo vya pembe. Nimelivaa sasa hivi ninapoandika, maana ukungu umeshaanza kushuka. Linanipasha joto kweli. Mzungu gani sijui alilivaa, lakini naamini hakulipata kwa kudanganya mtoto.

Kuna jambo moja ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa bwenini. Mwaka juzi mama yako alipozidiwa, kabla hatujakutumia salamu uje, Kasiani alimleta Padre huyu mpya, kijana wa Kingoni mwenye miguu mirefu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka kitandani. Akamsikiliza Otilia, akampaka mafuta. Halafu akageuka kwangu. Alisema kwamba kwa hali ilivyo anaweza kubariki ndoa yetu pale pale, mimi nikikubali.

"Baba," akaniuliza, "unataka?"

Kasiani aliangalia dari. Nami nakuapia, mwanangu, neno lililokuja kwanza mdomoni lilikuwa lile lile. Nikalimeza.

"Nataka," nikasema.

Na Otilia akacheka. Hakuwa na pumzi, kilitoka kidogo tu, lakini kilikuwa chenyewe, cha shambani. Akasema, "Afadhali leo hukusema saba."

Tukacheka wote, Kasiani akiwa anafuta macho kwa ncha ya koti, na Padre kijana hakuelewa kitu, akadhani ndivyo Wamatengo wanavyofunga ndoa. Kisha akampa komunyo. Mama yako alifumba macho, akaweka mkono wake juu ya wangu. Neno nililolikimbia miaka yote ile lilichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha shati. Ulipofika Alhamisi ulimkuta ameshaondoka. Uliniuliza kama aliumia mwishoni, nikakwambia alikuwa ametulia. Hilo lilikuwa kweli, ila sikukwambia kwa nini.

Namkumbuka sana, Subira. Namkumbuka nikipika maharage yanaungua, nikipita lile dirisha la kanisa, nikilaza majani. Wanawake wa kukodi wanafukia vizuri tu, ila hakuna anayenicheka.

Sikuandikii ili uende kwenye mafundisho hayo. Nimejichunguza kabla sijashika kalamu, maana naweza kuwa nataka wewe ulipe kwa niaba yangu. Ningefanya hivyo ningekuwa nakudanganya kwa mara ya tatu. Naelewa pia kwa nini umechoka na maneno ya dini. Siku hizi kila kitu kimefunguliwa. Kahawa iliyokuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, sasa inafuatwa na watu wenye magari na mizani yao, kila mmoja anasema ya kwake ndiyo ya haki. Na sokoni Mbinga yupo mhubiri mwenye spika kwenye kona ya mitumba, na mwingine mwenye spika kubwa zaidi kwenye kona ya samaki. Kasiani anasema hata wokovu umeingia soko huria. Ukikataa kwa sababu umesikiliza ukaona si kwako, nitakuheshimu, na mama yako angekuheshimu pia. Ninachokiogopa ni ukatae kwa ajili ya mwanaume jasiri aliyesimama kanisani akauliza swali. Huyo mwanaume hayupo. Aliyekuwepo alikuwa kijana mwoga mwenye shati jeupe, na aliyeuliza alikuwa bibi kizee, akaambiwa sijui, akabaki.

Na mimi mwenyewe? Jumapili nakaa kwenye lile jiwe chini ya kanisa, najidai nasubiri watu watoke. Nyimbo zote nazijua, nazipigia mguu. Kasiani akipita ananiambia, "Saba, mlango uko upande huu." Bado sijaingia. Kwa umri wangu kukaa kwenye magogo na watoto, kuanza namba moja, ni kazi. Lakini nimeanza kufikiri kwamba ningeweza, kama ningeanza kwa kusema wazi vitu nisivyovijua, wala si vichache.

Ukifika ziwani, kabla hujaenda bwenini, simama mchangani kidogo kwa ajili yangu. Watakuwa wameanika usipa, utasikia harufu yake kabla hujauona. Mimi niliacha hapo mkeka mwingine na mama yangu mzazi, naye alikufa bila kuambiwa kitu na mtu yeyote. Nimelifikiria hilo leo tu, wakati naandika. Lile swali nililiiba, kumbe lilikuwa langu pia.

Fomu yako iko hapa mezani. Sijaigusa. Ndani ya bahasha nimeweka kifutio, kile chekundu ulichokiacha dirishani tangu darasa la saba, na kalamu ya wino. Ukifuta, futa. Ukipitisha wino juu ya Sitashiriki, pitisha kwa nguvu, iwe alama yako. Ninachotaka ni mkono uwe wako.

Mtu atakayewafundisha huko, awe sista au mwalimu au mkunga mzee, huenda siku moja akafunga kitabu akakuangalia usoni. Hata usipokwenda kwake, mtu mwingine atakuuliza, mwanaume atakuuliza, mgonjwa atakuuliza. Usikimbilie kujibu. Kaa na swali hata kama watu wanacheka, hasa kama wanacheka, kwa sababu huenda mmoja wao anakupenda.

Mimi jibu langu nimelipata leo, nimechelewa na Padre mwenyewe ameshakufa. Lakini aliniuliza mara mbili, kwa upole, na ni haki ajibiwe. Padre, nilikuwa nataka kukaa humo ndani, benchi lolote, mahali ambapo ningeweza kumsikia Otilia akinicheka, nisiondoke.

Naiona kanga yako kilimani, na bibi yako amekubebesha kikapu. Naficha karatasi.

Ni mimi baba yako,
Saba